Taa Niliyoizima kwa Kidole Changu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza. Simu mko nayo mkononi, basi someni mpaka mwisho, msirukeruke kama mnavyoruka maneno ya wazazi wenu.

Mimi ni mwanamke mzee wa upande wa ziwa, Homa Bay, karibu na mpaka wa Migori. Shule niliacha darasa la tatu. Nimefanya kosa, na kosa ni langu. Si la shetani, si la ujane, si la upepo. Nilizima taa. Ndiyo hiyo. Mkidhani ni jambo dogo, hata mimi nilidhani hivyo.

Kazi yangu ni kukausha samaki kwa moshi. Kibanda changu kiko karibu na maji kuliko nyumba yoyote hapa bichi. Mimi huamka kabla ya kuku, nawasha moto, halafu naenda kuangalia ziwa kabla sijaangalia kitu kingine. Hapa nimeolewa tu. Wananiita kwa kwetu nilikozaliwa, Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu. Wanawake wanaoitwa hivyo ni wengi, kwa hiyo hamtanijua kwa hilo.

Nina mwanangu mmoja, nitamwita Oluoch ingawa si jina lake. Yeye hubeba wageni wanaovua kwa mchezo. Wageni hulala kisiwani Takawiri, asubuhi wanavuka na boti kuja kwenye mawe ya upande wetu, kwa sababu mbuta wakubwa hupenda hayo mawe. Wanavua kwa fimbo. Wanamvuta samaki mpaka jasho linawatoka, wanampima, wanapiga picha naye wakimkumbatia kama mtoto, halafu wengine wanamrudisha majini.

Mara ya kwanza kuona hivyo nilimuuliza Oluoch kama hao watu ni wazima.

"Ni mchezo, Mama."

"Chakula ni mchezo?"

"Wao wanakula kwingine."

Lakini tuliwazoea, na wao wakatuzoea. Kulikuwa na mmoja mnene kutoka Nairobi, kila akishuka ananipigia kelele kutoka kwa boti, "Dani, bibi yangu, leo samaki wako wapi?" Namjibu, "Wako majini, mjukuu wangu. Wewe ulitaka wawe wapi?" Anacheka mpaka kofia inaanguka.

Ndivyo nilivyopata kazi nyingine bila kuiomba. Kila alfajiri Oluoch alikuwa anakuja kibandani na simu yake, ananiuliza, "Mama, maji yakoje?" Nami nasema. Upepo umelala wapi, maji yana rangi gani, magugu maji yamesukumwa upande gani, jana nani alipata nini na wapi. Yeye anarekodi sauti yangu na kuwatumia wageni. Wanaisikiliza wakinywa chai huko Takawiri, halafu wanajua wapi pa kwenda na wapi pa kuepuka. Wakasema huyu bibi hakosei. Nami nikafurahi. Moyo wa mzee nao hupenda sifa, msidhani umekauka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana bila hili hamtaelewa.

Kwetu ziwani mtu akipotea majini, hakuna nyavu wala ndoano inayoingia mpaka apatikane. Bichi nzima inasimama. Kila boti inakwenda kumtafuta, hata ya adui yake. Ndivyo tulivyowakuta wazee wakifanya. Ukivua wakati mtu yuko ndani, unavua na yeye.

Siku zilizotangulia kosa langu tulikuwa tumesimama hivyo kwa ajili ya mtu aliyezama upande wetu. Alichelewa kupatikana. Wageni wa Oluoch walifika na fimbo zao wakakuta watu wamekaa kimya mchangani. Walingoja, wakachoka, wakaondoka. Bichi ya jirani wakawaita wageni hao hao kwao. Wanawake wa huko tukikutana sokoni wananiuliza, "Nyar Karungu, wageni wa mwanao walikuja kuvua au kulia?"

Lilinichoma. Nakubali. Mimi si mtu wa kuchekwa.

Oluoch akahangaika kuwarudisha. Akawaahidi mashindano, siku moja, boti nyingi, mwenye mbuta mkubwa apewe mbuzi. Wakakubali. Juma lile samaki walikuwa wengi kwa namna ambayo sijaiona tangu niolewe. Mbuta walikuja mpaka kwenye mawe ya kufulia nguo. Wanaume walirudi mapema, boti zimezama mpaka ukingoni kwa uzito wa samaki. Mama yangu aliyenizaa alikuwa akisema, ziwa likikupa sana, uliza linataka nini. Nilikumbuka neno lake nikiwa napanga samaki juu ya moto. Nikalisukuma kando. Nani anauliza maswali na kibanda kimejaa?

Usiku wa kuamkia mashindano upepo ulivuma vibaya. Nyinyi wa mjini hamjui: kwetu usiku upepo hutoka nchi kavu ukienda ziwani, mchana ndio hugeuka ukarudi. Usiku ule ulitoka ziwani, na ulikuja na mvua. Nilisikia mabati yakilia, nikasema kesho maji yatakuwa machafu, mbuta watakaribia zaidi. Mnaona akili yangu ilikokuwa. Sikuwaza wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, waliokuwa nje usiku huo.

Alfajiri upepo ulikuwa umekwisha. Nilitoka kuangalia maji, bado giza giza. Na hapo kwenye mchanga, mbele ya kibanda changu, nikaona taa inawaka.

Wavuvi wa omena huweka taa ya betri juu ya mbao zilizofungwa pamoja, ikaelea, omena wakafuata mwanga. Hiyo mbao ndiyo ilikuwa imeletwa na mawimbi. Kamba yake ilikuwa imekatika, nyuzi zimechanika, si kwa kisu. Na kwenye kamba kulikuwa na kasia, limejifunga.

Taa kukata kamba na kupotea, hilo huonekana. Lakini mvuvi haachi taa na kasia kwa pamoja. Nilijua. Msije mkasema bibi hakuelewa. Nilielewa papo hapo, miguu ikiwa ndani ya maji.

Kitu cha kufanya nilikuwa nakijua tangu mtoto. Unapiga nduru. Basi. Hufikiri, hupimi, unafungua mdomo. Nikafungua. Halafu nikaangalia upande wa Takawiri, nikaona tochi za wageni zinatembea kwenye maboti, wanajitayarisha. Nikawasikia wale wanawake wa sokoni. Walikuja kuvua au kulia?

Nikafunga mdomo.

Nikajiambia, huyu aliyekuwa na taa hii ameshakufa. Upepo kama ule haukuacha mtu. Aliyekufa amekufa, maiti haina haraka. Wageni wavue leo, wapate mbuzi wao, jioni nitasema nimeona mbao. Atatafutwa kesho kwa heshima zote.

Nikainama nikabonyeza kitufe. Taa ikazimika. Nikaiburuta ile mbao na kasia mpaka ndani ya kibanda, nikaifunika kwa magunia. Nilipokuwa nafunika nikasikia ndege wanaruka kwa pamoja kutoka kwenye magugu ya upande wa kusini, kundi zima, wakipiga kelele. Niligeuka nikatazama. Magugu yalikuwa yamesukumwa yakajaa huko kama shamba. Sikuona kitu. Nikarudi kwenye moto wangu.

Oluoch akaja, amevaa shati jipya.

"Mama, maji yakoje?"

Akanishikia simu karibu na mdomo. Nami nikasema, na sauti haikutetemeka: "Ziwa halina neno. Upepo umelala. Mbuta wako mawe ya kaskazini, karibu sana. Magugu yamejaa kusini, msipite huko, mtakwama. Karibuni."

Yote niliyosema kuhusu maji yalikuwa kweli. Magugu yalikuwa kusini kweli. Mbuta walikuwa kaskazini kweli. Ni maneno matatu tu ya kwanza yaliyokuwa uongo.

Wakaja. Walivua, nyinyi, hata sijui niseme nini. Yule mnene wa Nairobi alivuta mbuta urefu wa mtoto wa shule, watu wakapiga makofi mpaka ng'ambo. Mwenyekiti wa bichi alikuwa anacheza peke yake. Mimi nilikaa mbele ya kibanda. Chai yangu niliimwaga mchangani.

Jua lilikuwa limepanda kidogo wakati boti ngeni ilipokuja kutoka upande wa Migori. Ndani mlikuwa na wanaume, nguo zimelowa. Aliyeshuka mbele alikuwa amejifunga shuka, midomo imepauka. Mwenyekiti akaenda kumpokea. Yule mtu akasema jina la kwao, Karungu, halafu akasema kilichomleta. Muziki wa wageni ukazimwa.

Walikuwa wanne wakivua, yeye, ndugu yake mdogo na vijana wawili. Upepo ukapindua mtumbwi. Watatu walishikilia mtumbwi. Yule mdogo alikuwa anajua kuogelea kuliko wote. Taa yao ilikuwa imekatika kamba, inakwenda, bado inawaka. Akachukua mtungi mtupu wa plastiki akasema, "Nafuata taa. Mahali itakapofika kuna watu, nitawaletea boti."

"Hivyo ndivyo tunavyofundishana," yule kaka akamwambia mwenyekiti. "Ukianguka usiku usitafute nchi, huioni. Fuata taa."

"Na nyinyi mliokolewa na nani?"

"Boti ya wenzetu, kabla hakujakucha. Taa tuliiona kwa mbali, huku huku kwenu. Tukaja tukiifuata. Halafu ikazimika. Tukasema betri imeisha. Hatukujua tena pa kwenda, tumezunguka tangu saa hiyo."

Mwenyekiti akageuka, akanitafuta kwa macho. "Nyar Karungu, wewe ndiye unaamka kabla yetu. Uliona taa?"

Yule kaka aliposikia jina langu akanitazama. Mwanamke wa kwao aliyeolewa mbali ni shangazi yake, hata kama hawajawahi kuonana. Akaja mpaka mbele yangu, akapiga goti moja kwenye mchanga.

"Waya," akaniita. Ndivyo tunavyomwita dada ya baba. "Waya, wewe ni wetu. Uliiona taa yetu?"

Ile mbao ilikuwa nyuma yangu, ukutani tu. Ningenyoosha mkono ningeigusa.

"Sikuona kitu," nikasema.

Hilo la pili ndilo baya zaidi. La alfajiri nililifanya gizani, peke yangu. Hili nililifanya nikimtazama mtu machoni, na watu wote wananisikiliza, kwa sababu mimi ndiye bibi asiyekosea.

Mwenyekiti akasimamisha kila kitu papo hapo. Ndoano zote nje ya maji. Mnaona basi? Bichi ilisimama vilevile. Kitu nilichonunua kwa uongo wangu kilikuwa asubuhi moja tu.

Wageni wenyewe walisema watasaidia. Lakini boti zote zilielekea kaskazini na katikati ya ziwa. Hakuna aliyekwenda kusini, kwa sababu sauti yangu ilikuwa ndani ya simu zao: magugu, msipite huko, mtakwama.

Alasiri boti ya yule mnene ndiyo iliyokata kona ikarudi kwa njia fupi, ikapita ukingoni mwa magugu. Akaona kitu cheupe. Ulikuwa mtungi wa plastiki.

Walimleta wakiwa wamevua kofia. Alikuwa kijana wa kuoa, mwenye kifua kipana. Alikuwa amejifunga mtungi kifuani kwa kamba, mafundo mawili, safi kabisa. Magugu yanakuwa marefu kuliko kichwa cha mtu aliye majini. Ukiingia humo huoni mchanga, na mchanga hauoni wewe. Miguu inashikwa na mizizi. Mikono yake ilikuwa imechanika kwa kuvuta hayo majani.

Kuna mzee hapa bichi ambaye ameopoa watu wengi. Alimshika shingo, akamshika vidole, akavikunja. Halafu akasema polepole, "Huyu hajalala majini. Huyu amekufa leo. Jua lilikuwa limeshatoka."

Watu wakageuka kutazama upande wa magugu. Maana kutoka pale kwenye magugu mpaka kibanda changu, mtu akipiga nduru unamsikia. Labda alipiga. Labda ndio wale ndege walioruka. Sijui. Nitakufa sijui.

Nimewaambia kosa langu ni kuzima taa. Kosa lenyewe hasa ni hili: nilimzika mtu kabla hajafa, ili nisikatize mashindano.

Wakataka mkeka wa kumfunika. Oluoch akasema, "Kwa mama kuna magunia," akaingia kibandani kabla sijasimama. Nilikaa nikisikiliza. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka hakuwa na gunia. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyemfananisha na mwingine.

"Mama," akasema. Hilo tu.

Niliingia mwenyewe. Nikaitoa ile mbao, nikaiburuta kwenye mchanga mbele ya watu wote, kasia linafuata nyuma. Hakuna aliyenisaidia, na sikutaka. Nikaiweka mbele ya yule kaka. Nikamwambia, "Ilikuja alfajiri ikiwaka. Mimi ndiye niliyeizima."

Nilingoja anipige. Angenipiga ningeshukuru. Hakunigusa. Alichuchumaa, akapapasa ile taa kwa kidole gumba, akakipata kitufe, akabonyeza.

Ikawaka.

"Betri haikuisha," akasema. Hakuniambia mimi. Alimwambia ndugu yake pale chini.

Walimpakia kwenye boti, wakaiweka taa mbele, inawaka mchana kweupe, wakaondoka hivyo. Tuliitazama mpaka ikawa ndogo, na hata ilipokuwa ndogo bado tuliiona. Basi mjue ilivyokuwa inaonekana gizani.

Nilikwenda mazishi, Karungu, kwetu nilikozaliwa. Nilitembea peke yangu. Mama wa marehemu alijua mimi ni nani. Alinipa kiti. Alinipa chai. Neno hakunipa.

Bichi hawakunifukuza. Wananisalimu. Lakini nikikaribia, mazungumzo yanageuka yanakuwa ya mvua. Wageni wa fimbo hawaji tena. Sikieni, hawakukatazwa, wao wenyewe hawakuweza kurudi kwenye yale maji. Yule mnene wa Nairobi alimpigia Oluoch simu, akamwambia amefuta sauti zangu zote isipokuwa moja, ile ya siku hiyo, na hajui kwa nini hawezi kuifuta.

Oluoch aliuza injini ya boti. Sasa yuko Rodi Kopany, anauza viatu vya mitumba barabarani, mbali na ziwa. Jumapili huja, huniletea sukari, hunipasulia kuni. Ni mtoto mwema. Lakini mpaka leo hajaniuliza tena maji yakoje.

Mbuta bado wako kwenye mawe. Wako wengi. Siwagusi.

Nyinyi vijana mna mambo yenu mnayoyapanga, harusi, mechi, wageni wa maana. Siku ya jambo lenu kitu kitaelea mbele yenu, na mtasema, si leo, ngoja jambo liishe. Mtajipa sababu nzuri. Mimi nilikuwa na sababu nzuri. Nilikuwa nazijua desturi zote na nilikuwa na umri wa kutosha, na bado kidole changu kilikwenda kwenye kitufe. Msijiamini sana.

Juzi niliwaita watu wa boma yangu wote. Oluoch na mke wake, wajukuu, hata kijana anayetuchungia ng'ombe. Niliwasimamisha hapo uani nikawapa amri moja, na mjukuu wangu mmoja nikamfanya airudie mpaka akaijua. Nilisema:

"Mtu wa boma hii akiona kitu kinaelea, taa, kasia, kiatu, apige nduru kwanza, maswali baadaye. Akikosea tutamcheka, basi. Na kama ni siku ya kunizika mimi, kama mmeshanishusha nusu shimoni, wekeni kamba chini mkimbie majini, wote, na mchungaji wa kanisa naye. Mimi mniache hapo hapo. Mimi ndiye sina haraka."